UZI: Tumbo likiuma baada ya ERCP, msikubali kuambiwa "ni gesi tu" kabla mgonjwa hajapimwa

Sista wa Zamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni muuguzi, niko chumba cha endoskopi hapa Dar. Humu jukwaani nimesoma nyuzi nyingi za mawe ya nyongo. Watu wanauliza bei, wanauliza bima, wanauliza watalazwa siku ngapi. Kuhusu utumbo kutoboka wakati wa ERCP, yaani ile tiba ya kutoa jiwe kwenye mrija wa nyongo kwa mpira unaopitishwa mdomoni, sijaona swali hata moja, na hilo ndilo jambo ambalo ndugu akilijua mapema anaweza kuokoa maisha ya mtu wake. Nitaandika kwa kirefu, mnivumilie.

Tuanze na ERCP yenyewe. Mgonjwa anapewa dawa ya usingizi, anapitishiwa mdomoni mpira mrefu wenye kamera hadi kwenye duodeni, yaani kile kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba baada ya tumbo la chakula. Ukutani mwa duodeni kuna mlango mdogo ambapo mrija wa nyongo na mrija wa kongosho humwaga. Daktari anapenyeza waya mwembamba kwenye mlango huo, anasukuma dawa inayoonekana kwenye eksirei, na mara nyingi anaukata mlango kidogo kwa waya wa umeme ili jiwe lipate njia ya kutoka. Ukataji huu ulianza kuripotiwa mwaka 1974, Ujerumani na Japani karibu kwa wakati mmoja. Kabla ya hapo, jiwe likikwama kwenye mrija, dawa yake ilikuwa kupasua tumbo. Kwa hiyo nisieleweke vibaya: hii ni tiba inayookoa watu, na naipenda kazi hii.

Ila ina madhara yake. Linalojulikana zaidi ni kongosho kuvimba; miongozo ya wataalamu wa endoskopi wa Ulaya ya mwaka 2020 inalitaja kwa takriban wagonjwa 4 hadi 10 katika kila 100. Kutoboka ni nadra, miongozo hiyohiyo inasema halifiki hata mgonjwa 1 kwa 100, kati ya 0.08 na 0.6. Lakini kati ya wanaotoboka, karibu 8 hadi 10 kwa 100 hufariki. Ndiyo maana naliandikia uzi.

Kinachotoboa ni nini? Hapa naomba muwe makini, kwa sababu matibabu yote yanategemea tundu liko wapi.

Kamera ya ERCP haitazami mbele, inatazama ubavuni, kwa sababu mlango wa mrija uko ubavuni mwa duodeni. Daktari anasukuma mpira kuelekea mahali ambapo ncha inafika kabla ya jicho. Duodeni ikiwa imebanwa na uvimbe, au mgonjwa aliwahi kupasuliwa tumbo la chakula na njia ikabadilishwa, ncha inaweza kupasua ukuta. Hilo ni tundu kubwa. Chakula, asidi na nyongo vinamwagika ndani ya tumbo moja kwa moja. Mwaka 2000 wapasuaji wa Los Angeles waliyapanga matundu haya katika aina nne, na hili ndilo aina ya kwanza.

Aina ya pili ndiyo tunayokutana nayo zaidi: ukataji wa mlango umepita kiasi, ukatoka nje ya ukuta wa utumbo. Ya tatu ni mrija wenyewe kutobolewa na waya au kikapu cha kuvutia mawe, na mara nyingi tundu lake ni dogo sana. Ya nne ni hewa tu imeonekana nyuma ya tumbo kwenye CT skani, tundu halionekani. Mgonjwa wa namna hii akiwa hana maumivu, hana homa, mapigo yake yametulia, anaangaliwa tu. Usikimbilie kumpasua mtu kwa ajili ya picha.

Sasa kiini cha uzi. Sehemu kubwa ya duodeni haielei ndani ya tumbo pamoja na matumbo mengine. Imejificha nyuma ya utando wa tumbo, jirani na figo ya kulia. Tundu la aina ya pili linamwaga huko nyuma. Utando ukiguswa na nyongo ndipo tumbo linakaza kama vile tulivyofundishwa wote. Usipoguswa, tumbo linabaki laini. Mgonjwa analalamika, mgongo unamuuma, ubavu wa kulia unamuuma, daktari anabonyeza tumbo, laini. "Ni gesi, tulimpulizia hewa, itatoka." Anaandikiwa sindano ya maumivu. Huko nyuma nyongo na maji ya kongosho vinaendelea kuvuja, bakteria wanazaliana, na asubuhi tumbo linapokuja kukaza, usaha umeshatambaa.

Kwa hiyo angalieni chati kabla ya tumbo. Mgonjwa ana mapigo 88 saa mbili usiku, saa nne yamefika 104, saa sita 118, maumivu yanaongezeka licha ya dawa, na joto linaanza kupanda. Mgonjwa huyo anahitaji CT skani usiku huohuo, na daktari aliyemfanyia ERCP apigiwe simu hata kama amelala. Maumivu ya gesi hupungua saa zinavyokwenda. Ya kutoboka huongezeka.

CT ifanywe na dawa ya kunywa inayoyeyuka kwenye maji, kamwe si bariamu, maana bariamu ikimwagika nje ya utumbo inaleta balaa lake. Eksirei ya kawaida inaweza kuonyesha hewa chini ya kiwambo cha mapafu, au hewa ikiizunguka figo ya kulia. Lakini eksirei safi haimtoi mtu hatarini.

Nawasilisha kwa sasa. Nitarudi na upande wa matibabu, niko zamu.

Mtoto wa Mbagala

Sista, Mungu akubariki. Haya yametukuta. Mzee wangu alifanyiwa ERCP mwaka jana kwenye hospitali moja sitaitaja, jiwe likatolewa vizuri, tukashangilia. Jioni akaanza kulalamika mgongo. Akadungwa sindano, tukaambiwa ni hewa. Usiku kucha hakulala.

Alfajiri namsaidia kukaa, naona shingo imenenepa, sauti imebadilika, anaongea kama mtu mwenye mafua. Nikamgusa shingoni, chini ya ngozi ikawa inaalika kama bisi. Nikakimbia kumwita nesi. Daktari wa asubuhi alipogusa tu, akamtuma CT palepale. Hewa ilikuwa imetoka nyuma ya tumbo ikapanda kifuani hadi shingoni.

Akarudishwa chumba cha endoskopi, akawekewa stenti, kile kimrija cha kuacha njia wazi, akakaa na mpira puani na dripu zaidi ya wiki bila kula. Hakupasuliwa. Leo yuko Rangi Tatu anauza mbao zake. Ila naapa, nikikumbuka tulivyoambiwa ni gesi, naumia.

Sista wa Zamu

Mtoto wa Mbagala, poleni sana, na mzee umfikishie salamu. Ulivyomgusa shingo na kukimbia kuita, umemsaidia sana baba yako.

Niwafafanulie wengine. Ile hewa ya shingoni inatisha kwa macho lakini yenyewe hufyonzwa na mwili ikaisha. Hatari iko kwenye kinachovuja kule nyuma. Na wingi wa hewa hausemi tundu ni kubwa kiasi gani, unasema zaidi hewa ilipulizwa kwa muda gani baada ya tundu kutokea. Ndiyo maana vituo vingi siku hizi vinapuliza kaboni dayoksaidi badala ya hewa ya kawaida. Inafyonzwa haraka, mgonjwa anabaki na maumivu kidogo, na ikitokea ajali tumbo halijai. Hewa ikijaa sana tumboni inaweza kubana mapafu na kurudisha damu nyuma, presha ikaanguka mgonjwa akiwa bado mezani. Hapo daktari anatoboa tumbo kwa sindano nene kupunguza hewa, mara moja, hasubiri picha.

Sasa matibabu. Tundu likionekana mgonjwa akiwa bado mezani, hiyo ni bahati kubwa. La aina ya kwanza linaweza kufungwa papo hapo kwa klipu zinazopitishwa ndani ya kamera, au klipu kubwa inayovalishwa nchani mwa kamera na kuukamata ukuta mzima. Likishindikana kufungwa, ni chumba cha upasuaji bila kuchelewa.

La aina ya pili na ya tatu, mara nyingi linapona bila kisu, kwa sharti kwamba kinachovuja kielekezwe kwingine. Stenti ya chuma iliyofunikwa inawekwa kwenye mrija wa nyongo: inaziba sehemu iliyokatwa na wakati huohuo inapitisha nyongo kuingia utumboni. Mgonjwa hali wala hanywi. Anapewa dripu, antibayotiki za mshipani, dawa ya kupunguza asidi, na mpira wa puani wa kunyonya maji ya tumbo. Anabonyezwa tumbo tena na tena, ikiwezekana na daktari yuleyule ili mabadiliko yaonekane. Na daktari wa upasuaji anaitwa siku ya kwanza hata kama hakuna anayefikiria kupasua.

Hapa niseme na ndugu wa wagonjwa kwa mapenzi yote. Saa ya kuona wagonjwa mnakuja na chupa ya uji wa ulezi na supu ya kuku, mnamhurumia mtu wenu hajala siku tatu. Vijiko viwili mnampa kwa kujificha. Vijiko hivyo vinakwenda moja kwa moja kwenye tundu, na vinaita asidi, nyongo na maji ya kongosho vimwagike zaidi. Mkaeni karibu, mshikeni mkono, mloweshe midomo yake kwa pamba. Chakula kitakuja.

Intani Temeke

Sista na wakubwa wengine, shikamooni. Swali kutoka kwa anayekaa usiku peke yake wodini. Mgonjwa ana maumivu makali saa nne baada ya ERCP, laipesi, kile kimeng'enya cha kongosho kinachopimwa kwenye damu, imepanda sana. Vitabu vinasema hiyo ni kongosho kuvimba. Nitajuaje kwamba hakuna tundu chini yake?

Mpasuaji wa Kigamboni

Marahaba kijana. Swali zuri kuliko yote humu.

Kipimo cha damu peke yake hakitakutoa. Laipesi na mwenzake amilesi zinaweza kupanda kwa kutoboka vilevile, maana maji ya kongosho yaliyomwagika nyuma ya tumbo yanafyonzwa na kuingia kwenye damu. Tena vyote viwili vinaweza kutokea kwa mgonjwa mmoja. Nimeona wagonjwa waliotibiwa kongosho siku mbili huku tundu likiendelea.

Kabla hujapima chochote, soma ripoti ya ERCP. Mlango ulikatwa? Ulikatwa kwa kisu cha sindano kwa sababu waya uligoma kuingia? Mrija mwembamba ulitanuliwa kwa puto? Kuna kifuko kwenye ukuta wa utumbo pembeni ya mlango? Daktari alihangaika muda mrefu? Majibu yakiwa ndiyo, shuku tundu kwanza. Halafu pitisha vidole juu ya mfupa wa kola na shingoni, tafuta ile hali aliyoisema Mtoto wa Mbagala. Mgonjwa mwenye mapigo yanayopanda na homa saa chache baada ya ERCP, mpeleke CT. Huna CT, anza antibayotiki na dripu, mzuie kula, piga simu ya rufaa na umsafirishe usiku huohuo. Usisubiri raundi ya asubuhi. Mgonjwa anayehitaji kupasuliwa akicheleweshwa kupita saa 24, vifo vinaongezeka sana. Hilo linajirudia kwenye ripoti baada ya ripoti.

Nami niongeze upande wangu. Tunapasua lini? Tumbo likikaza lote. Dawa ya eksirei ikionekana inamwagika kwa wingi nje ya utumbo. Mgonjwa aliyekuwa akitibiwa bila kisu akianza kurudi nyuma: presha inashuka, mkojo unapungua, homa haikatiki. Maji au usaha ukijikusanya nyuma na hauwezi kutolewa kwa mpira unaopitishwa ngozini. Au jiwe bado limebaki mrijani na tundu lipo. Tundu la mapema tunaliziba kwa uzi na kulifunika kwa mafuta ya tumbo. La kuchelewa ni kazi nyingine kabisa: kuta zimeoza, uzi haushiki, tunaosha usaha, tunaacha mipira ya kutoa maji, tunageuza njia ya chakula, tunaweka mpira wa kulishia chini zaidi kwenye utumbo. Mgonjwa huyo atakaa wodi ya uangalizi maalumu na familia itakesha.

Vijana wengi wanaona aibu kuniita "kwa tahadhari tu". Niiteni. Afadhali nije Upanga kutoka Kigamboni nikute tumbo laini nirudi nyumbani.

Mnyalukolo Mjini

Kwa haya yote, si bora mtu apasuliwe kifuko cha nyongo aondoe mawe yaishe? Kwa nini ahangaike na mpira?

Sista wa Zamu

Mkuu, kutoa kifuko kunaondoa mawe yaliyo ndani ya kifuko. Jiwe lililoshukia kwenye mrija linabaki palepale, linaziba, macho yanageuka njano, na mrija uliozibwa ukipata maambukizi unaweza kuua kwa kasi. Kwa mgonjwa wa namna hiyo ERCP inahitajika.

Ila umegusa jambo muhimu. ERCP haifai kufanywa "kuangalia tu kama kuna kitu". Kwa kuangalia kuna ultrasaundi, kuna MRCP ambayo ni picha ya mirija bila kuingiza chochote mwilini. Anayeingia ERCP awe ana sababu ya kutibiwa humo. Wagonjwa wanaoniumiza roho zaidi ni wale waliopata madhara na mrija wao ukakutwa safi.

Binti Tabata

Dada, mama yangu amepangiwa wiki ijayo, jiwe liko mrijani na macho ni ya njano. Nimesoma uzi huu natetemeka. Nimwambie aghairi?

Sista wa Zamu

Hapana mdogo wangu, mpeleke. Ila nenda ukiwa na maswali, na ukiambiwa "saini hapa" usisaini kabla hujajibiwa. Uliza: jiwe limethibitishwa kwa picha gani? Wanapuliza hewa au kaboni dayoksaidi? Atapewa dawa ya diklofenaki au indomethasini ya kuweka njia ya haja kubwa ili kongosho lisivimbe? Kama anatumia dawa za kuyeyusha damu au ana mzio, waambie. Aliwahi kupasuliwa tumbo? Sema hilo hata kama ilikuwa zamani sana. Usiku CT skani inafanya kazi, na daktari wa upasuaji yupo au anapatikana? Daktari mzuri hachukii maswali haya.

Akiruhusiwa siku hiyohiyo, omba namba ya simu ya wodi iandikwe kwenye karatasi ya ruhusa. Usiku huo alale mjini kama kuna ndugu wa karibu. Kutoka Tabata si mbali, lakini kwa watu wa Chanika, Bunju au Kibaha, foleni inaweza kula saa mbili ambazo mgonjwa hana. Maumivu yakianza na kuongezeka, au homa, au kutapika, au shingo kuvimba, usipitie duka la dawa kununua diklofenaki. Itapunguza kelele za maumivu na kukuchelewesha. Rudi palepale alipofanyiwa, na neno la kwanza mlangoni liwe: "Amefanyiwa ERCP leo." Ukisema tu tumbo linauma, utapangwa foleni na watu wa vidonda vya tumbo.

Binti Tabata

Asante dada, nimeandika yote. Swali la mwisho: akiwekewa stenti, ndiyo anaishi nayo milele?

Sista wa Zamu

Hapana, na nafurahi umeuliza. Stenti ya plastiki kwa kawaida hutolewa au kubadilishwa ndani ya miezi 3 hivi, kwa sababu inaziba. Ya chuma iliyofunikwa, ikiwekwa kuponyesha tundu, hutolewa baada ya wiki kadhaa, CT ikionyesha hakuna kinachovuja. Shida tunayoiona ni kwamba mgonjwa akishapona, macho yakawa meupe, anarudi kijijini na kuisahau. Anakuja kurudi ana homa na kutetemeka, stenti imeziba, nyongo imeoza mrijani. Usiondoke wodini bila kuandikiwa ni stenti ya aina gani, imewekwa tarehe gani, itatolewa tarehe gani na nani. Piga picha karatasi hiyo, iweke kwenye simu yako na ya ndugu mwingine mmoja. Namtakia mama kila la heri. Ukifika usinione, uliza zamu, wote tunapokea.